Kikopo cha Mkojo Hakijamtibu Mtu

Juni 2024, baraza la Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachoendesha michezo ya vyuo vya Marekani, liliitoa bangi kwenye orodha ya vitu vinavyopimwa katika mashindano yake ya ubingwa. Tangu hapo nimechoka kusikia maombolezo. Yanatoka kwa Wamarekani, na yanatoka kwa ndugu zetu pia, hasa wenye vijana wanaokimbia au kucheza mpira huko kwa ufadhili wa masomo: eti sasa watoto wameachwa wajimalize.

Naiweka hoja yao kama wanavyoiweka wenyewe, wala siipunguzi. Wanasema mwanamichezo wa chuo anasomeshwa, analishwa na kutibiwa kwa fedha ambazo wenzake wanazitafuta kwa mikopo, na anachodaiwa ni kitu kimoja tu, awe safi. Bangi inaharibu kumbukumbu, inaua ari, na mwisho inamgeuza kijana mtumwa wake. Kipimo cha mkojo kinamlinda asiyetumia, kinamtisha anayetaka kujaribu, kinamfichua aliyezama ili asaidiwe. Tena hakuna aliyeburutwa, kila mmoja alitia saini. Kwa hiyo kukifuta ni kubariki uvutaji.

Ni hoja ya watu wenye nia njema, na sehemu yake moja ni kweli tupu: bangi inaleta uraibu. Hiyo nitaifikia, kwa sababu wapenzi wa bangi nao wana uongo wao. Yaliyobaki hayasimami.

Kwanza: afya ya nani, na ya mwezi gani?

Wanaolilia kipimo wengi hawajui kilivyokuwa kikifanya kazi. NCAA ina mipango miwili. Upo wa mwaka mzima, unaowinda steroidi na dawa nyingine za kuongeza nguvu, na upo wa mashindano ya ubingwa. Bangi ilikuwa katika huu wa pili peke yake. Maana yake, mchezaji wa mpira wa vikapu aliyevuta kila usiku kuanzia Agosti hadi Februari hakuwa na kesi yoyote na NCAA. Machi ikifika, kamera zikiwashwa, ndipo chama kiliposhikwa na uchungu wa mzazi.

Machi si mwezi wa kawaida. Mwaka 2016 NCAA iliongeza mkataba wa kuonyesha mashindano yake ya mpira wa vikapu na kampuni za CBS na Turner: dola bilioni 8.8, miaka minane ya nyongeza, hadi 2032. Nionyesheni daktari anayempima mgonjwa sukari siku tu ambayo hospitali inatembelewa na waandishi wa habari, nami nitakubali kwamba kipimo kile kilikuwa cha afya.

Hapa hutajwa Len Bias. Alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Maryland, akachaguliwa wa pili na timu ya kulipwa ya Boston Celtics, na siku mbili baadaye, tarehe 19 Juni 1986, akafa. Wengi husimulia kwamba kifo hicho ndicho kilichozaa vipimo. Tarehe hazikubali, maana mkutano mkuu wa NCAA ulipitisha vipimo Januari mwaka huo, Bias akiwa mzima na anacheza. Isitoshe, kilichomuua ni kokeini. Kumtumia kijana aliyeuawa na kokeini kuhalalisha miaka karibu arobaini ya kuwafuatilia wavuta bangi, huku ukiwaacha wazi miezi yote ambayo hakuna ubingwa, kunahitaji uso mkavu sana.

Pili: usawa wa mashindano

Wanasema anayevuta anamwibia asiyevuta. Anamwibia nini? Desemba 2022 NCAA yenyewe iliwakusanya wataalamu wa tiba na wa vipimo, na jibu lao lilikuwa kwamba bangi si dawa ya kuongeza uwezo wa michezo. Kama ina athari yoyote kwa mkimbiaji, pengine ni kumpunguzia kasi. Anayeogopa kushindana na mtu aliyevuta ana tatizo ambalo mimi siwezi kumsaidia.

Halafu tazameni kiwango chenyewe. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilikuwa likimhesabu mtu ametumia akikutwa na nanogramu 15 kwa mililita ya mkojo. Mwaka 2013 likapandisha hadi 150, mara kumi kwa mkupuo mmoja. NCAA ikabaki chini, ikafika 35, na Februari 2022 nayo ikaruka hadi 150. Mkojo wenye nanogramu 100 ulikuwa dhambi Januari, na Machi ukawa mkojo wa mtu safi. Sayansi ya bangi haikubadilika kwa mwezi huo mmoja. Kilichobadilika ni idadi ya nyota ambao chama kilikuwa tayari kuwapoteza.

Mitch McGary alikuwa mchezaji wa mpira wa vikapu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Machi 2014 alikuwa amekaa benchi, amepasuliwa mgongo, hachezi. Akapimwa kwenye mashindano, akakutwa na bangi. Adhabu ilikuwa kukosa mwaka mzima. Wiki chache baadaye NCAA ikakubali kwamba mwaka mzima kwa bangi ni mno, ikaikata adhabu kuwa nusu msimu, lakini kuanzia Agosti! Kwa hiyo aliadhibiwa kwa sheria ambayo waliomwadhibu walishakiri imezidi, kwa kosa la kupata faida katika mechi ambayo hakuicheza. Akaacha chuo akaenda kutafuta riziki kwenye ligi ya kulipwa. Sijui ni mshindani gani aliyerudishiwa haki yake siku ile.

Sha'Carri Richardson, aliyekuwa bingwa wa vyuo wa mita 100 mwaka 2019 akiwa Chuo Kikuu cha Louisiana State, alikutwa na bangi Juni 2021 kwenye mchujo wa Olimpiki mjini Eugene. Alikuwa ametoka kuambiwa na mwandishi wa habari kwamba mama yake mzazi amefariki. Eugene iko Oregon, jimbo ambalo bangi ni halali kwa mtu mzima. Tokyo hakwenda. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia mjini Budapest kwa sekunde 10.65, na hakuna aliyejitokeza kueleza mwezi mmoja wa kufungiwa ulimtibu ugonjwa gani.

Tatu: hofu itawazuia

Tuingie kwenye chumba chenyewe. Mechi imeisha, kijana ametoka jasho mpaka limekauka. Anakutana na mtu mwenye karatasi ya majina, anatia saini, na tangu hapo haachwi peke yake. Anapewa maji ya chupa iliyofungwa. Anachagua kikopo mwenyewe, ili baadaye asiseme alipewa kilichochezewa. Anasindikizwa chooni na mtu wa jinsia yake ambaye kazi yake, uiite vyovyote, ni kutazama mkojo ukitoka mwilini. Kisha unapimwa uzito. Ukiwa mwepesi kwa sababu amekunywa maji mengi, unamwagwa, anarudi kukaa. Mwenye kiu ya mechi nzima anaweza kukaa hapo mpaka wafagiaji wamalize uwanja.

Hofu ipo, nakubali. Ila inamfundisha kijana nini? Inamfundisha hesabu. Mabaki ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtumiaji wa kila siku huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Pombe hutoka kwa saa chache. Kijana yeyote mwenye akili ya kuingia chuo anaona jibu: usivute, lewa. Utafiti ambao NCAA iliufanya kwa wanamichezo wake mwaka 2017 ulikuta karibu robo walitumia bangi katika mwaka uliotangulia, na zaidi ya robo tatu walikunywa pombe. Pombe hiyo NCAA iliipiga marufuku katika mchezo mmoja tu, kulenga shabaha kwa bunduki. Mwaka 2019 vyuo vya ukanda wa SEC, vigogo wa futiboli ya Kimarekani, viliruhusiwa kuuza pombe kwenye majukwaa ya viwanja vyao. Yaani kijana anakojoa chini ya jukwaa ili ithibitike kwamba hajalewa, na juu ya kichwa chake bia inauzwa ili kulipia uwanja.

Kuna wanaohesabu kwa njia nyingine. Yapo makampuni yanayouza mkojo wa unga na viungo bandia vya kuupitishia. Mwaka 2005 mchezaji wa timu ya kulipwa ya futiboli ya Minnesota Vikings, Onterrio Smith, alikutwa uwanja wa ndege wa Minneapolis akiwa na seti nzima. Bangi za kemikali, zinazonyunyiziwa kwenye majani makavu na kuuzwa kama ubani, zilipata soko sehemu kwa sababu vipimo vya kawaida havikuziona, na hizo zimewapeleka watu hospitali kwa namna ambayo bangi ya kawaida haijawahi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna shahidi wetu wa pombe hiyo isiyopimwa. Henry Rono, Mnandi, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo medali ya Olimpiki hakuipata, ila chupa aliipata. Pombe ilimla kwa miaka mingi. Mtu wa rekodi nne aliosha magari, alibeba mizigo ya wasafiri, alilala kwenye makazi ya wasio na nyumba katika nchi iliyompigia makofi. Alifariki Februari 2024. Enzi zake za chuo vipimo vya NCAA vilikuwa havijaanza. Lakini hata vingekuwepo, vingemtazama Rono akiyumba na kumwandikia kwamba yuko safi. Mfumo uliokuwa na macho makali hivyo kwa msokoto wa bangi na kipofu hivyo kwa chupa haukuwa ukitafuta walevi.

Nne: walitia saini wenyewe

Walitia saini, ndiyo. Asiyetia saini hachezi, na asiyecheza ufadhili wake una siku za kuhesabu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliligombea jambo hili mahakamani tangu 1987, Simone LeVant mpiga mbizi akitangulia. Wakashinda katika mahakama za chini, na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya California ikawageuzia uamuzi, ikasema anayechagua michezo amechagua pia kupunguziwa faragha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mahakama ya juu ya Colorado ilikuwa imekiambia chuo kikuu cha jimbo lake kinyume kabisa: huwezi kumpima mwanafunzi ovyo bila kumshuku, na saini ya namna hiyo si ridhaa. Basi faragha ya mwanafunzi ilitegemea yuko upande gani wa milima.

Angalieni nani waliachiwa kwanza. Wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli, wana chama cha wafanyakazi. Mwaka 2020 walikaa mezani wakaondoa adhabu ya kufungiwa kwa kukutwa na bangi. Wale wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa vikapu, mwaka 2023, wakaondoa bangi kwenye vipimo kabisa. Wa vyuo hawana chama. Wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern walijaribu kukiunda, na mwaka 2015 bodi ya kazi ya taifa ikakataa kulisikiliza shauri. Wanaolipwa mamilioni waliaminiwa kuendesha maisha yao kabla ya wanafunzi. Kama bangi ni hatari ya kiafya kwa mwanamichezo, mapafu ya mchezaji wa miaka 30 yalipona kwa kusaini mkataba?

Kuna unafiki mwingine mdogo, ninaupitia haraka. Tafiti za NCAA huonyesha bangi hutumika zaidi Daraja la Tatu, na lakrosi ya wanaume iliongoza. Daraja la Tatu halina ufadhili wa michezo. Huko kijana hana cha kunyang'anywa, na ajabu, huko ndiko kulikokuwa na haraka ndogo kabisa ya kumwokoa.

Tano: kipimo kinamfichua mraibu

Hii ndiyo hoja yao nzito, na hapa nawageukia kwanza wale wanaosema bangi ni jani tu. Si jani tu. Mwaka 1995 bangi iliyokamatwa Marekani ilikuwa na takriban asilimia 4 ya kile kiini kinacholevya. Siku hizi ni karibu mara nne ya hapo, bila kuhesabu mafuta na nta zinazovutwa kwa mashine. Takriban watu watatu katika kila kumi wanaotumia wana dalili za matumizi yaliyowashinda, na anayeanza kabla ya miaka 18 yuko hatarini zaidi. Akiacha, anakosa usingizi, anakosa hamu ya chakula, anagombana na kila mtu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeitambua hali hiyo tangu 2013. Mchezaji anayeamka akavuta kabla ya mswaki ni mgonjwa, na anayemwambia kwamba hana tatizo kwa sababu sheria imebadilika ni rafiki mbaya.

Sasa mwekeni mgonjwa huyo mbele ya kikopo. Ameamua kuacha. Wiki mbili hajagusa, halali, jasho linamtoka usiku. Mafuta ya mwili wake bado yanatoa mabaki. Jirani yake chumbani alivuta mara moja kwenye sherehe, wiki iliyopita. Wote wanaitwa. Wa sherehe anapita. Anayeacha anakamatwa. Kipimo kilichotakiwa kumtafuta mraibu kinampata vizuri kabisa siku ambayo ameanza kupona.

Na atamweleza nani? Mshauri analipwa na idara ileile ya michezo inayompanga kwenye kikosi. Baadhi ya vyuo vina mlango wa kujisalimisha, mtu akijitokeza mwenyewe hapewi adhabu. Jina lako likishaitwa kupimwa, mlango umefungwa. Mwoga, yaani binadamu wa kawaida wa miaka 19, hujisalimisha lini? Pale anapoogopa kuitwa. Na hapo amechelewa.

Kingine ni kile kisichoonekana kwenye karatasi ya maabara. Mwaka 2018 kijana mmoja wa Georgia mwenye kifafa, anayetumia mafuta ya bangi kwa maelekezo ya daktari na kwa idhini ya jimbo lake, aliambiwa na chuo kimoja cha jimbo la Alabama kwamba nafasi aliyoahidiwa kwenye timu ya futiboli haipo tena. Kiini cha dawa yake kingeonekana kwenye mkojo. Kifafa chake kilikuwa kimetulia. Aliyekosa utulivu alikuwa msimamizi wa kanuni.

Kwa kijana wetu aliyetoka Eldoret au Arusha, mnyororo ni mrefu kuliko wa Mmarekani. Akiondolewa timuni, ufadhili unakatika. Ufadhili ukikatika, ada ya mwanafunzi wa kigeni hailipiki. Asiposoma, hadhi yake ya mwanafunzi inakwisha, na viza imefungwa kwenye hadhi hiyo. Sheria ya jimbo ikisema bangi ni ruksa, sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na kwa serikali kuu bangi bado ni dawa haramu. Kukiri tu kwamba umetumia kunaweza kukuzuia mpakani. Mwenzake atafungiwa mechi tatu, yeye atapanda ndege. Mtu akiniambia adhabu hiyo ni ya kumlinda, namwomba anitajie inamlinda na nini zaidi ya shahada.

Uamuzi wa Juni 2024 haukumaliza jambo, na waombolezaji wangejua hilo wangelia kidogo. NCAA ilifuta kipimo chake yenyewe tu. Kila chuo kina haki ya kubaki na chake, na kila kimoja kina ngazi zake za adhabu: hapa kosa la kwanza ni ushauri, kwingine ni mechi, hapa la tatu ni kufukuzwa, kwingine mtu anapewa la nne, hasa kama anafunga magoli. Kwa hiyo mzazi wa Iten au Mbulu ambaye kijana wake amepigiwa simu na kocha ana kazi ya kufanya kabla ya kuchinja mbuzi. Aombe waraka wa chuo wa vipimo, usomwe kwa sauti nyumbani. Aulize pombe imeandikwa ukurasa gani. Aulize matokeo yanakwenda kwa daktari au kwa kocha. Aulize kijana akikiri mwenyewe kwamba imemshinda, ufadhili wake unalindwa kwa maandishi au kwa ahadi ya simu, na ni nani anayemlipa mtu atakayemtibu.